Kurasa Zilizobanwa

Mke wangu alitaka kabati liwe tupu kabla ya chai. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni na toleo la zamani la jarida letu la michezo ya mezani, kisu mkononi.

Kurasa za katikati nilizibana mwenyewe kwa pini za stepla tulipokuwa vijana, nisije nikachungulia. Humo mna kisa ambacho Alwyn, msimulizi wa mchezo wetu, aliahidi kutuchezesha. Kisa husomwa na msimulizi peke yake. Sisi wachezaji hurusha dadu tu na kukutana na yatakayotukuta. Pini zimeshika kutu, na kila mwaka Alwyn ana kisingizio kipya.

"Si ufungue, mzee," mke wangu alisema. "Kwani ni siri ya serikali?"

Nikampigia Alwyn hospitalini alikolazwa, mjini Swansea.

"Leo nazing'oa. Umenichosha!"

Nilingoja aniite mwizi, kama kawaida yake kila nikitishia kuzifungua. Alihema tu.

"Zing'oe, ndugu yangu. Soma. Usinisubiri."

Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Ahadi zote zile, halafu leo ananipa ruhusa!

"Nyamaza wewe! Waambie wauguzi wakuinulie mto. Nakuja na dadu, na kurasa utazifungua mwenyewe."

"Hata kijiko sikiwezi, bwana."

"Mdomo unao?"

"Huo bado ninao."

"Basi pini nitakung'olea mimi, nimefumba macho. Wewe utasoma."

Nilikata simu kabla hajapata kisingizio, nikavaa koti.