Kipimo cha Pili

Vumbi ndilo lililomsuta Fundi Semkiwa. Ndani ya kisanduku cha vipimo vya bunduki, kipimo cha kwanza kilikuwa kinang'aa, lakini cha pili kilikuwa na vumbi la miezi. Maana yake bunduki ya yule askari wa wanyamapori, ambayo yeye Fundi aliifungia mtutu mpya juma lililopita, ilitoka hapa karakanani bila kupimwa mara ya pili. Akapeleka ujumbe mbio: usiipige, irudishe.

Nasieku, yule askari, aliingia adhuhuri, bunduki begani, uso wake mzima.

"Hujaipiga?"

"Jana nilimlenga nyati, mzee. Akageuka mwenyewe, akarudi porini."

Fundi alihakikisha haina risasi, akakifuta vumbi kipimo cha pili, kichuma chenye umbo la risasi, akakitia ndani ya bunduki. Komeo la bunduki lazima lifunge juu ya kipimo cha kwanza na ligome juu ya cha pili. Likifunga juu ya vyote viwili, nafasi imezidi, na risasi inaweza kumpasukia mpigaji usoni.

Alilisukuma kwa kidole kimoja tu, maana mkono mzima hulazimisha. Komeo likashuka kidogo, kisha likakwama.

"Limekataa," Nasieku alisema kwa huzuni. "Basi imeharibika?"

Fundi alicheka mpaka akatafuta kigoda akakaa. "Limekataa, mwanangu! Limekataa!"

"Kwa hiyo niende nayo?"

"Ngoja kwanza," alisema, akalisukuma tena, taratibu, ili tu likatae mara nyingine.