Nani Aliingia Kwenye Nyanya?

"Simama hapo hapo, Nyar Suna! Usisogee hata hatua moja!"

Lorine, aliyeitwa hivyo kwa kuwa binti wa kutoka Suna, alisimama, ndoo ya maji kichwani. Mama mkwe wake, Benta, alikuwa amechutama katikati ya mistari ya nyanya, ameinua jani moja juu kama askari aliyeshika ushahidi. Jani lilikuwa na mabaka meusi, na upande wa chini utando mweupe kama unga.

"Jana zilikuwa nzima," alisema Benta. "Leo mistari mitatu imeungua kama imemwagiwa maji ya moto. Sasa niambie. Ni mwezi wa ngapi?"

"Wa tano, mama."

"Yawa! Nimekuuliza kalenda? Nauliza tumbo!"

Benta alifundishwa na mama yake, naye mama yake alifundishwa na wake, pale pale Rusinga: mwanamke mwenye mimba akipita kwenye shamba la nyanya, nyanya zinakauka. Hahitaji kuzigusa. Kupita tu kunatosha.

"Mimi sina kitu, mama," alisema Lorine. "Na humo sijawahi kukanyaga. Si uliniambia nitaingia siku utakapokufa? Ni wewe tu huingia."

"Basi uliingia nikiwa nimelala."

Hapo Lorine hakubisha. Siku hizi Benta alikuwa mlinzi wa ajabu. Jua la saa nne likimpata kwenye kigoda chake kando ya shamba, kidevu kilishuka kifuani, na mkoromo wake uliwatisha ndege kuliko sanamu aliyoisimamisha.

Lakini tazama jambo hili. Alipoinuka pale kwenye mistari, Benta alikuwa na hasira usoni, ila moyoni kulikuwa na kitu kingine kinachocheza. Omondi, mtoto wake wa pekee, aliyemzaa akiwa bado ananuka chaki ya darasa la nane, alikuwa na miaka minne ya ndoa bila mtoto. Baada ya Omondi, tumbo la Benta lilifunga duka. Kwa hiyo mjukuu angetoka kwa Lorine, au hangetoka popote. Kanisani wenzake walikuja na wajukuu mgongoni. Yeye alikuja na kitabu cha nyimbo.

Alikwenda mjini Mbita na jani lake amelifunga kwa gazeti. Motari, Mkisii mwenye duka la dawa za mimea, hakulitazama hata mara mbili.

"Ni ukungu, mama. Mvua imezidi. Kata majani yote yenye madoa, uyachome. Halafu nyunyiza hii kila wiki, na maji umwage kwa shina, si juu ya majani."

"Na kama aliyeleta ugonjwa ni mtu?"

"Mtu gani?"

"Wewe ni mwanaume," alisema Benta, "uza dawa yako."

Akainunua. Akafika nayo nyumbani, akaitazama, akazitazama nyanya, kisha akaificha chupa nyuma ya gunia la mahindi. Je, akiuponya ugonjwa na mimba ya Lorine ikiondoka nao? Nyanya zitapandwa tena. Mjukuu anapandwa wapi?

Kuanzia siku hiyo Lorine hakuchota maji. Aliletewa mayai asubuhi na kichwa cha samaki mbuta jioni. Mara ya kwanza alisema, "Mama, kweli sina kitu." Mara ya pili alisema kwa sauti ya chini. Mara ya tatu alinyamaza, maana mayai yalikuwa matamu. Siku aliyojaribu kupika omena, dagaa wa ziwani, Benta alitoka jikoni mbio, amejiziba pua kwa leso.

"Hii wameianika wapi, chooni?" alifoka. "Mtoto wa watu atakula uchafu huu?"

Nyanya nazo ziliendelea kufa, mstari baada ya mstari, na kila mstari ulipolala chini Benta aliimba. Mumewe, Jacktone, alipouliza kwa nini hapulizi dawa, aliambiwa anyamaze na angoje baraka.

Mstari wa mwisho ulipokauka, Benta alimshika Lorine mkono, wakaenda zahanati kupata habari kwa maandishi.

Nesi alikuwa binti mmoja mpole, jina lake Nyasuguta. Alichovya kijiti cha kupimia kwenye kikombe cha mkojo wa Lorine, akangoja, akatikisa kichwa.

"Mstari mmoja tu. Hana mimba."

"Kimeharibika hicho," alisema Benta.

"Ni kipya, mama. Nimekifungua mbele yako."

"Binti, mimi nimepoteza nyanya zangu zote. Zote! Nyanya hazidanganyi. Hicho ndicho kinachodanganya." Benta alichukua kikombe kitupu mezani. "Nipime mimi, tuone. Kikisema na mimi nina mimba, utakubali kwamba hakina akili?"

Nyasuguta alicheka. "Nitakubali, mama."

Lorine naye alicheka. Benta alitoka na kikombe akiwa ameinua kichwa, akarudi, akakaa, akakunja mikono kama mtu aliyeshinda kesi.

Nesi alichovya kijiti. Akaacha kucheka. Akafungua kingine. Akafungua cha tatu, kutoka boksi lingine. Kisha akamlaza Benta kitandani, akampapasa tumbo, akampapasa tena. Alipomaliza alivuta kadi mpya ya kliniki na kalamu.

"Baba wa mtoto anaitwa nani?"

Benta alivitazama vijiti vyote vitatu, kimoja kimoja. Ikabidi Lorine amsaidie.

"Andika Jacktone," alisema. "Ni baba mkwe wangu."