Mlio wa Kengele

Shule ilikuwa imemkataa Mize kwa kutotulia. Akiweza kutulia leo, katika darasa la kufunza watoto umakini, ingempokea tena. Mama yake, Tatu, alisimama mlangoni akiomba dua.

Mwalimu aligonga kengele ya shaba. "Mlio ukiisha, inueni mkono."

Mikono yote ikapanda, ila wa Mize. Alitulia kama maji ya mtungini.

"Huyu ndiye mliyesema ana siafu mwilini?" mwalimu akamwuliza Tatu akicheka. Watoto wengine wakaondoka, kengele ikafungiwa kabatini.

"Twende, mwanangu. Umefaulu."

"Nyamaza, mama. Bado inalia."

Tatu akamshika mkono, akaukuta baridi. Polepole Mize aliuelekea ukuta mtupu, akatabasamu, akaitika kwa adabu:

"Abee."