Risiti ya Isale

Shemeji yake Bernadetha alisimama mlangoni mwa duka la picha za kuchora pale Marangu, ameshika jani la isale lililofungwa fundo. Bernadetha aliendelea kusugua rangi iliyoganda kwenye kucha.

Huyu ndiye aliyekwenda kumchoma kwa watu wa kodi, kwamba anawauzia watalii michoro bila risiti. Duka likafungwa msimu mzima wa wageni. Lilifunguliwa juzi tu, baada ya Bernadetha kununua mashine ya risiti.

"Shemeji, nimekosa. Naomba unisamehe."

Kwa Wachagga, isale la kuombea radhi halikataliwi. Mama mkwe alikuwa ameshatoka uani, anawatazama.

Bernadetha alilipokea kwa mikono miwili, akaliweka juu ya kaunta. Kisha akaivuta mashine, akabonyeza herufi mojamoja bila haraka. Mashine ikanguruma, ikatema karatasi.

"Chukua."

Shemeji akasoma: Msamaha, mmoja.

"Hii ya nini?"

"Risiti. Si ulisema hapa tunauza bila risiti?" Akamsukumia karatasi kifuani. "Usitoke bila hiyo, wasije wakanifungia tena."