Alichokielewa Kahaso

Simu ilikuwa mkekani, imewekwa spika, ili mama naye awasikie wakwe wa mwanawe. Harusi ilikuwa imeshapangwa, Diani.

Kahaso alikuwa ndiyo kwanza anajifunza Kiitaliano. Alijua vitenzi vya nyumbani tu: lavare, kuosha, mangiare, kula, uscire, kutoka. Mchumba wake hakujua kwamba amefika hata hapo.

Huko Italia, dada wa mchumba akauliza polepole kwa Kiitaliano, "Na mama yetu, nani atamwosha?"

"Lei," mchumba akajibu. Yeye. "Lava mamma, mangia con mamma. Non esce."

Anamwosha mama, anakula na mama. Hatoki.

Kisha akarudi kwenye Kiswahili chake cha hotelini. "Mpenzi, sisi nafurahi sana!"

Mama alikuwa akibangua korosho. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa mafuta ya maganda, ngozi imebabuka hadi kwenye viganja. Akamgeukia Kahaso, uso umejaa tabasamu.

"Wasemaje, mwanangu?"

Kahaso alivitazama vile vidole.

"Wasema wanisubiri kwa hamu, mama."

Mama akapiga vigelegele, na nyumba za jirani zikaitikia.