Nyuma ya Birika

Siku hizo watoto walivaa bangili zilizowavuta mkono hadi kwenye kitu walichokitafuta, na chekechea zilikatazwa kufundisha maneno kama juu, chini na nyuma. Mwasiti alikuwa akiyafundisha kwa nyimbo, hadi alipoachishwa kazi.

Asubuhi moja pumu ilimbana jikoni.

“Tausi mwanangu, pampu! Iko nyuma ya birika!”

Binti yake wa miaka mitano alinyoosha mkono, akangoja kuvutwa. Bangili ilikuwa imeishiwa chaji.

“Nyuma ndiyo wapi, mama?”

Mwasiti alitambaa, akaichukua mwenyewe. Pumzi iliporudi, aliiweka pampu sakafuni, kati ya miguu ya kigoda. “Sema nami, mwanangu: chini ya kigoda.”

Tausi aliziba masikio.

“Shuleni wamesema tukiyasikia maneno hayo kwa mtu, tumtaje.”