Kaburi la Pili

Tovuti ya mawakili ilimtaka Ayikoru atume hati ya shamba. Hati hakuwa nayo. Akatuma picha ya kaburi la marehemu mumewe, aliyoipiga asubuhi akiwa barabarani kule Aroi, maana shemeji yake alikuwa amemkataza kukanyaga shambani; hilo nalo aliliandika chini ya picha. Kwao kaburi ndilo hati: ardhi ni ya wale waliozika humo.

Wakili wa kwanza alijibu, tuma hati. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu, mwanamke wa Koboko, alipiga simu.

"Mama, hii picha nimeangalia sana. Nyuma ya kaburi ya mzee iko ingine, udongo bado mupya. Shemeji yako amezika nani?"

"Hapana. Hakuna mutu amekufa kwetu."

"Angalia vizuri."

Ayikoru aliweka simu kwenye spika, akaikuza picha kwa vidole viwili. Tuta jekundu, refu kama mtu mzima. Msalaba wa mbao mbichi, bila jina.

Sauti ya wakili ikatoka tena kwenye spika.

"Sasa mama, ndani iko nini?"

Ayikoru alikuwa ameshainuka kutafuta jembe.